Chururu Si Ndo Ndo Ndo: Historia ya Gari Linalovuja

Tumezoea kufundishwa kwamba historia ni wafalme, vita na mikataba. Gari kuukuu lililoegeshwa chini ya mwembe halimo. Lakini mimi nasema doa jeusi lililo chini ya gari hilo nalo ni historia, na asiyeijua historia hiyo ataliwa pesa mchana kweupe. Kuna familia zinazokula kwa gari moja tu la zamani: teksi, pikapu ya kubebea mboga, gari la kupelekea mchanga saiti. Fundi akikosea kusoma doa, giaboksi inashushwa bure, siku tatu hakuna kazi, na nyumbani watoto wanakunywa uji bila sukari. Kwa hiyo si jambo la mchezo.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyoanza kusumbua. Karl Benz alipata hati ya uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu Januari 1886, kule Ujerumani. Gari lile halikuwa na rejeta kama tunayoijua. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, yakapaa yakawa mvuke. Mwezi Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, kama kilomita 100. Njiani ilibidi aongeze maji mara kwa mara. Kwa maneno mengine, dereva wa kwanza wa safari ndefu duniani alikuwa mama, na shida yake ilikuwa ileile ya dereva wa leo anayesimama mlimani na galoni mkononi.

Mwishoni mwa 1900 Wilhelm Maybach alitengeneza gari la Mercedes lenye rejeta ya vijitundu kama sega la nyuki. Ilikuwa na vijibomba 8,070. Maji machache yakaweza kupoza injini kubwa. Ford naye alitoa Model T mwaka 1908, na baada ya magari ya mwanzo akaiacha pampu ya maji. Magari hayo karibu yote yalitegemea maji ya moto kupanda yenyewe na ya baridi kushuka. Baadaye pampu ikawa kitu cha kawaida, na mfuniko wa rejeta ukatiwa springi ili ubane presha.

Mfuniko huo watu wanaudharau, lakini una kazi kubwa. Pwani maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwa kuwa iko juu sana, huchemka kama kwenye nyuzi 95. Mfuniko mzima ukibana presha ya kawaida, maji huweza kufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Kumbe gari linaweza kuchemsha bila kuwa na tundu popote, kwa sababu tu raba ya mfuniko imekufa! Na ndiyo maana mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto. Presha ikiachiwa ghafla, maji ya moto hulipuka pamoja na mvuke, na uso wa mtu hauna spea.

Sasa tuje kwenye kusoma. Jioni, injini ikiwa bado na joto, tandika boksi safi chini yake, weka alama mahali pa tairi za mbele, kisha ulale. Asubuhi boksi litasema. Maji meupe yasiyo na utelezi wala harufu, upande wa abiria, kwenye gari lenye kiyoyozi, si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa tu. Maji ya kijani au ya rangi ya waridi yenye utelezi ni dawa ya rejeta. Iko tamu, na ni sumu kali. Mtoto au mbwa asiiguse. Maji ya rangi ya kutu maana yake mwenye gari amekuwa akijaza maji ya bomba miaka nenda rudi, na chuma kinaliwa ndani kwa ndani. Oili ya injini ni kahawia au nyeusi. Nyekundu mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani wa pawa.

Maji yakidondoka mbele katikati, tazama pampu. Pampu nyingi zina kitundu kidogo chini ya shafti yake. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo ili yasiingie kwenye beringi. Fundi wa kubahatisha huziba kitundu hicho kwa gundi. Wiki mbili baadaye beringi inakufa, na feni huweza kuikata rejeta. Ukikuta zulia la miguu limelowa na kioo cha mbele kina ukungu wenye harufu tamu, kavuja kale karejeta kadogo ka hita kaliko ndani ya dashibodi.

Oili ina mambo yake. Watu husema magari ya zamani ya Kiingereza yalivuja kwa uzembe. Si kweli sana. Chukua Morris Minor, lililotoka mwaka 1948. Kuanzia 1952 lilitiwa injini iitwayo A-Series. Nyuma ya krankshafti ya injini ile hapakuwa na sili ya mpira. Kulichongwa mtaro kama nyuzi za bolti, ili shafti ikizunguka irudishe oili ndani. Injini ikizimwa, matone mawili matatu hutoka. Waingereza walilijua hilo, hata magari yao mengi ya wakati ule yaliachiwa tundu chini ya nyumba ya klachi, lenye pini ndani ili lisizibe, oili ipate pa kutokea badala ya kulowesha klachi. Tone lile lilikuwa sehemu ya mpango.

Ujerumani walishika njia nyingine. Kiwanda cha Freudenberg, mjini Weinheim, kilikuwa cha kusindika ngozi. Biashara ilipoyumba mwaka 1929, wakaanza kukata sili za magari kwa ngozi. Mwaka 1936 wakaingia kwenye mpira wa viwandani. Sili ya mpira yenye mdomo na springi ndogo ndiyo iliyoenea mpaka leo. Ni nzuri, ila joto na miaka huikausha ikawa ngumu kama ukucha.

Hapa ndipo historia inapookoa mfuko. Ukikuta oili nyuma ya injini ya kuukuu, usikimbilie kushusha giaboksi. Osha injini kwanza, endesha kidogo, kisha tafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Oili hushuka, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Mara nyingi mwizi yuko juu, kwenye gasketi ya tapeti kava, lakini anayekamatwa ni sili ya nyuma. Pili, angalia injini inapumua wapi. Ringi zikichakaa, presha ya moto hupenya chini ya pistoni. Bomba la kupumulia likiziba uchafu, presha hiyo husukuma oili kwenye kila sili. Utaweka sili mpya leo, mwezi ujao inavuja tena. Na usingoje taa ya oili. Taa ile husema habari za presha, si kiasi; ikiwaka, msiba umeshafika.

Uvujaji mbaya kuliko wote hauonekani chini. Maji yanapungua, boksi kavu. Hapo gasketi ya silinda hedi inashukiwa. Ukikuta oili kama chai ya maziwa kwenye stiki, au moshi mweupe mtamu usiokoma hata injini ikipata moto, au hozi ya rejeta inakuwa ngumu dakika ya kwanza tu injini baridi inapowashwa, zima gari. Ute mweupe kidogo kwenye mfuniko wa oili peke yake usikutishe. Safari fupi fupi huleta unyevu.

Mafundi wetu walijifunzaje yote haya? Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Ndugu yake 504 akashinda 1975 na 1978. Yalikuwa magari ya watu, si ya mbio tu, na yaliendelea kubeba abiria miaka mingi baada ya kuchakaa. Kisha ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zikaadimika, spea zikawa dhahabu. Fundi akakata gasketi kwa karatasi nzito, akiigonga taratibu kwa nyundo kwenye kingo za chuma mpaka umbo litoke. Huko Kenya, mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuwa umeandika kwamba kazi hizi ndogo ndogo zina maana kwa uchumi. Taarifa ilisifu kazi. Lakini namna fundi anavyonusa maji, anavyopapasa hozi, anavyosikiliza injini, hiyo bado iko kichwani mwake, na akifa inakwenda naye.

Vijana wenzangu tunaotafuta hadithi za kuandika, tunazifuata mbali za nini? Nenda gereji ya jirani na daftari. Muulize mzee amejuaje, nani alimfundisha, na gari gani lilimshinda. Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Gari linalochuruzika kila mtu huliona akapiga kelele. Elimu ya mafundi wetu inavuja tone kwa tone, na hakuna aliyetandika boksi chini yake.