Siku ya Nyuki Ndani ya Mzinga

Mzinga huu wa gogo ni wa aina inayotundikwa mitini katika misitu ya miombo ya Tabora, magharibi mwa Tanzania. Ndani yake mna giza totoro. Kazi hufanywa kwa kupapasa na kunusa.

MACHO MATANO
Nyuki ana macho mawili makubwa na matatu madogo. Nyekundu kwake ni kama nyeusi, lakini huona mwanga wa urujuanimno tusiouona sisi. Ua unaloliona la njano tupu, yeye huweza kuliona na michirizi inayomwelekeza kwenye mbochi.

HARUFU NA LADHA
Hunusa kwa papasi zake mbili. Akitua kwenye ua, miguu ya mbele huonja utamu kabla hajakunjua ulimi.

NGOMA YA GIZANI
Akirudi kutoka malishoni, hucheza juu ya sega huku akitikisa tumbo. Akipanda wima, maana yake ni: fuateni upande wa jua. Mtikiso ukirefuka, maua yako mbali zaidi. Wenzake humfuata kwa kumgusa na kuhisi mtetemo. Karl von Frisch, aliyefumbua ngoma hii, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

JOTO
Watoto hulelewa kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Joto likizidi, nyuki vibarua huleta maji na kupepea kwa mabawa.

TAHADHARI
Nyuki anapouma hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake. Ukiisikia karibu na mzinga wenye nyuki, ondoka mara moja.