Kasongo na Kabambare: utafiti wa maji, miamba na wanyama

Uchunguzi wa mito, madini na viumbe katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekuwa ukifanyika kwa vipindi tangu miaka ya 1870. Umefanywa na wasafiri, na makampuni yaliyopewa haki na serikali, na mashirika ya hifadhi. Watafiti wa serikali wenyewe wamekuja mara chache. Nchi hii inastahili zaidi ya hapo. Mto Lualaba, ambao ndio Kongo ya juu, unapita magharibi ya mji wa Kasongo. Luama unateremka kutoka milima ya Fizi, unakatiza Kabambare na kumwaga maji yake Lualaba. Tena ni humu msitu mkubwa unapoanza kuziachia nafasi nyika za kusini.

Swali la kwanza la kitaalamu kuulizwa hapa lilikuwa la maji: Lualaba unaelekea wapi? Msafiri David Livingstone alikwama Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre, kwa miezi mingi ya mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu. Machi 1871 alifika Nyangwe, soko kubwa la ukingoni mwa mto, akiwa na imani kwamba maji yale ni ya Naili. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, kwa wino wa mmea wa hapohapo. Wino ule ulififia hata maandishi hayakusomeka tena, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali na kutoa matokeo mwaka 2011. Katika kurasa hizohizo zenye habari za mito na mvua zimo pia habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa misafara ya biashara waliufyatulia risasi umati wa soko la Nyangwe wakaua mamia, wengi wao wanawake. Anayesoma historia ya sayansi ya Maniema hana budi kuzisoma habari hizo mbili pamoja.

Jibu la swali la Livingstone lilitokana na vipimo. Verney Lovett Cameron aliingia Nyangwe Agosti 1874, akakadiria upana wa mto, kina chake na mwendo wa maji, kisha akapima kimo cha mahali pale kutoka usawa wa bahari. Kwa hesabu yake, hata wakati wa kiangazi Lualaba ulibeba maji zaidi ya mara tano ya yale ya Naili huko Gondokoro. Isitoshe, alikuta Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro. Maji hayapandi mlima, na mto mkubwa hauwezi kuwa ndio unaojaza mto mdogo kuliko wenyewe. Basi Lualaba haukuwa Naili. Cameron alinyimwa mitumbwi, hakuweza kuufuata mto. Henry Morton Stanley ndiye aliyeondoka Nyangwe Novemba 1876, akisindikizwa mwanzoni na mfanyabiashara Tippu Tip, akatokea Boma, karibu na mdomo wa Kongo, Agosti 1877 na kuthibitisha kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja. Hata hivyo, mabingwa wa mto wenyewe walikuwa Wagenya, wavuvi na wapiga kasia wa Lualaba, ambao bila mitumbwi yao hakuna msafiri aliyevuka.

Mwaka huohuo wa 1874 Cameron alikuwa ameshaiona Lukuga, mlango wa kutokea maji ya ziwa Tanganyika. Wakati ule mlango huo ulikuwa umezibwa na majani na matope. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ukafunguka. Lukuga huungana na Lualaba kabla ya Kongolo, kwa hiyo sehemu ya maji yanayopita Kasongo ni maji ya Tanganyika. Ziwa lilipopanda katika miaka ya 2020 na kuzamisha mitaa ya Uvira na Kalemie, jambo hilo halikuwa la watu wa ziwani peke yao. Kipimo cha maji cha Kasongo, kikisomwa pamoja na vya Kalemie na Kindu, kingewaeleza wakaaji wa bonde zima ni maji kiasi gani yanakuja na yatafika lini.

Utawala wa kikoloni uliutazama mto kama njia ya mizigo. Korongo la Portes d'Enfer, chini kidogo ya Kongolo, pamoja na maporomoko yanayofuata, yalizuia meli; ndiyo sababu kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ikajenga reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyofunguliwa mwaka 1911. Haki za CFL hazikuishia kwenye reli. Zilihusu ardhi na madini pia, na mwaka 1923 ikazaliwa kampuni ya uchimbaji ya MGL. Tangu hapo kuchunguza miamba ya pande hizi kukawa kazi ya makampuni kuliko ya serikali.

Mfano ulio wazi ni Namoya, karibu na Salamabila wilayani Kabambare. Wabelgiji walichimba dhahabu hapo hadi mwaka 1961, vurugu za baada ya uhuru zilipowafukuza. Mwaka 1976 makampuni kadhaa ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Kampuni ya Banro ya Kanada iliirithi katika miaka ya 1990, ikagombana na serikali, wakapatana mwaka 2002. Ilichoronga miamba kwa miaka mingi, ikaanza uzalishaji wa kibiashara Namoya Januari 2016. Mashambulizi ya makundi yenye silaha yakaukwamisha mgodi baada ya muda mfupi. Vilima vinne vyenye dhahabu, Mwendamboko, Kakula, Muviringu na Namoya Summit, vinajulikana leo mita kwa mita: mashapo ya kale yaliyokunjwa na kuivishwa na joto la ardhini, yakapasuliwa na mishipa ya kwatzi iliyobeba dhahabu. Maniema kwa jumla imo katika ukanda wenye matale yaliyoganda kiasi cha miaka bilioni moja iliyopita, yaliyoleta kasiteriti, volframu na koltani. Lakini vijito vinavyopita chini ya vilima hivyo havikuchunguzwa kwa bidii ya namna hiyo.

Pengo hilo linaumiza hasa kwenye dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mchimbaji huosha mchanga ndani ya karai, huongeza zebaki ikashika chembe za dhahabu, hukamua kwa kitambaa, kisha huchoma kitonge kilichobaki juu ya moto. Mvuke humwingia yeye na watoto walio karibu, na zebaki iliyobaki huenda na maji. Ndani ya matope ya mto vijidudu huigeuza kuwa sumu inayopanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mla samaki, hadi sahani ya mtu.

Kuhusu wanyama, Livingstone aliandika habari za sokwe wa Maniema na jinsi walivyowindwa. Lualaba na mto Kongo unaofuata ni mpaka kati yao na jamaa zao bonobo: sokwe wa kawaida wako mashariki na kaskazini, bonobo wako ng'ambo ya pili. Taasisi ya utafiti IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947 na kuwa na makao Lwiro, Kivu, ndiyo chimbuko la kituo cha serikali cha CRSN-Lwiro. Mwaka 2007 watafiti wa CRSN walishirikiana na shirika la hifadhi la WCS na jumba la makumbusho la Field la Chicago katika msitu wa Misotshi-Kabogo, kusini-mashariki ya Kabambare, wakarudi na viumbe sita ambavyo sayansi haikuvijua: popo, panya, vipanya-virukanjia wawili na vyura wawili. Mwaka 2016 hifadhi za Kabobo na Ngandja zikatangazwa pande hizo, na mwaka huohuo Maniema ikapata Hifadhi ya Taifa ya Lomami, mbali upande wa kaskazini-magharibi. Kasongo na Kabambare zimebaki katikati, zikiguswa pembeni tu.

Sheria hazikosekani. Ile ya hifadhi ya mazingira ni ya mwaka 2014, ya maji ni ya tarehe 31 Desemba 2015, na ya madini ilirekebishwa mwaka 2018. Taasisi za serikali nazo zimegawana kazi: ICCN ina wanyama, RVF ina njia za mito, METTELSAT ina mvua, idara ya taifa ya jiolojia ina miamba. Kila ofisi ina makao Kinshasa, na sehemu kubwa ya ramani na kumbukumbu za jiolojia za enzi ya ukoloni iko Tervuren, Ubelgiji. Nakala za kumbukumbu hizo zinazohusu Maniema ziletwe Chuo Kikuu cha Kindu, na serikali isimike kipimo cha maji Kasongo, ikimlipa mtu wa kukisoma kila asubuhi.