Simu za Wengi, Faida ya Wachache

Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ya Ufini ilitoa simu ndogo ya Nokia 1100. Haikuwa na kamera, ila ilikuwa na tochi na ilistahimili vumbi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Hata hivyo wingi huo haukuiokoa Nokia: baada ya iPhone ya Apple kuingia sokoni mwaka 2007, wateja walihamia simu janja, na mwaka 2014 biashara yake ya simu ikawa mali ya Microsoft.

Nafasi ya simu za bei nafuu haikukaa wazi. Mwaka 2006 Mchina Zhu Zhaojiang alianzisha kampuni ya Transsion, na miaka miwili baadaye akaelekeza nguvu zake Afrika. Huko watu wengi walikuwa na laini mbili au tatu, kwa kuwa kupiga simu mtandao mwingine kulikuwa ghali. Transsion ikawaletea Tecno na Itel za laini mbili, zenye betri ya kukaa na chaji muda mrefu kwa wasio na umeme wa uhakika. Baadaye ikarekebisha kamera ili nyuso nyeusi zionekane vizuri, ikafungua na vituo vya matengenezo.

Mwaka 2023 Transsion ilisafirisha simu janja milioni 94.9, ikawa ya 5 duniani. Apple ilisafirisha milioni 234.6, ikaongoza. Kwa idadi, Apple iliizidi mara mbili na nusu tu. Lakini katika mwaka wake wa fedha wa 2023, iPhone pekee ziliingiza zaidi ya dola bilioni 200. Mapato yote ya Transsion hayakufika bilioni 9.

Tofauti hiyo inatokana na bei, na bei huamua pia faida. Kioo, betri na chipu vina gharama ambayo muuzaji wa simu rahisi hawezi kuikwepa, hivyo faida yake kwa kila simu ni ndogo. Anayeuza kwa dola 800 hubaki na faida kubwa.

Mwaka 2023, simu janja za dola 600 na zaidi zilikuwa takriban robo tu ya simu janja zilizouzwa duniani. Kwa hiyo simu nafuu ndizo zinazouzwa zaidi, na simu ghali ndizo zinazoleta faida kubwa. Ukisikia kampuni fulani inaongoza, uliza kwanza: kwa idadi, au kwa faida? Kwa mwenye hisa, faida ndiyo kipimo. Kwa mkulima aliyepata intaneti kwa mara ya kwanza, simu nafuu ndiyo iliyobadilisha maisha, na mchango huo unastahili kuandikwa.