Nyari ya Marafa na Nchi ya Ng'ambo ya Sabaki

Atokaye Malindi kwenda Marafa huvuka kwanza daraja la Sabaki. Mto huu ukiwa nyanda za juu ni Athi, ukipita Tsavo ni Galana, na ukikaribia bahari ndio Sabaki, na kote ulikopita umezoa udongo. Msimu wa mvua tope lake huingia baharini na kuyapaka maji ya Malindi rangi ya kutu. Ng'ambo ya pili barabara kuu inashika njia ya Mambrui, Gongoni na Garsen. Ya Marafa inachepuka kuelekea bara, ikipita mashamba ya mahindi na mihogo, mikorosho, na minazi inayopungua kadiri bahari inavyoachwa nyuma. Nchi ni tambarare. Hakuna mlima wala jabali la kumwambia mgeni kwamba amekaribia kitu, mpaka afike kijijini, apite nyuma ya nyumba, na aone ardhi imekatika mbele ya miguu yake.

Hiyo ndiyo Nyari. Wageni wanaijua zaidi kwa jina la Hell's Kitchen, na si wachache wanaoichanganya na Hell's Gate ya Naivasha, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984. Marafa haimo katika orodha ya hifadhi za taifa. Jambo hili linashangaza kwa sababu upande huu wa pwani umejaa maeneo yanayolindwa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 na zilikuwa za kwanza za aina yake nchini Kenya. Magofu ya Gede yana walinzi na jumba la makumbusho. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, una askari wake, isanje wake na bundi wake mdogo anayebeba jina la Sokoke. Ukishika barabara ya kwenda bara unaingia Tsavo Mashariki, hifadhi tangu mwaka 1948. Nyari haina askari wa wanyamapori wala tembo wa kuhesabiwa. Ina wenyeji wake, na kwa miaka mingi hao ndio walioilinda, waliotoza kiingilio na waliowaongoza wageni kushuka.

Kushuka kwenyewe kunataka utulivu. Njia ni ya mchanga na changarawe, ina mteremko mkali, na kiatu chenye soli iliyolika hakimfai mtu. Wenyeji hushauri asubuhi mapema au alasiri, na wana sababu: mchana kuta hurudisha joto la jua kutoka kila upande, upepo wa bahari haufiki chini, na maji uliyobeba huisha upesi. Alasiri, jua linapolala, rangi hujitenga moja moja. Juu kabisa ni udongo mwekundu uliokolea, ule ule wa mashambani. Chini yake hufuata rangi ya chungwa, waridi, manjano hafifu, na kisha weupe unaoumiza macho. Nguzo na minara imesimama peke yake, mingine ikipanda mita 30, na kati yake vijia vyembamba vinapinda mpaka mtu asiyejua njia apotee.

Gusa ukuta, nao hubaki mkononi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa kuhusu Nyari: haikuchongwa katika mwamba mgumu, ni mchanga ulioshikana tu. Wanajiolojia wanauita mchanga mwekundu wa nyanda hizi kwa jina la Magarini, na wanaukadiria kuwa wa zama za Pliosini, zilizoanza miaka kama milioni 5.3 iliyopita na kwisha milioni 2.6 iliyopita. Mito na upepo viliurundika tabaka juu ya tabaka. Penye chuma kingi kilichoshika kutu pamekuwa pekundu, na pasipo na chuma pamebaki peupe. Kisha mvua ikaanza kuubomoa. Maji yanayotiririka kwenye uwanda hutafuta ukingo, hukata mfereji, na mfereji hurudi nyuma mvua hadi mvua, ukila shamba kuanzia pembeni. Penye tabaka gumu kidogo juu, udongo ulio chini yake husalimika, na hiyo ndiyo asili ya nguzo.

Asiyeamini maelezo haya na ainame. Chini kwenye sakafu, baada ya mvua, utaona mamia ya vinguzo vya mchanga visivyozidi urefu wa kidole, na juu ya kila kimoja kumekaa kijiwe. Tone la mvua limechimba kila mahali isipokuwa chini ya kile kijiwe. Minara ya mita 30 imezaliwa kwa kazi hiyo hiyo, tofauti ni muda. Mimi huwasihi wanaokwenda na watoto wa shule waanzie hapo kwenye vinguzo, kabla ya kutazama juu, kwa kuwa mtoto akishaona kijiwe kimekuwa mwavuli hahitaji mwalimu wa jiografia kumweleza mmomonyoko.

Wazee wana maelezo yao, na waongozaji hawakubali uondoke bila kuyasikia. Moja linasema palikuwa na ukoo tajiri wenye ng'ombe wasiohesabika, wakafika hadi kuoga maziwa. Mungu akachukizwa na kiburi hicho, ardhi ikawafungukia ikawameza, na kuta zikabaki na weupe wa maziwa na wekundu wa damu. Jingine linasema watu wa mji walipata onyo kwamba jambo kubwa linakuja, wahame. Wote wakahama ila mwanamke mzee mmoja aliyekataa kuliacha boma lake, na usiku huo nchi ikadidimia naye. Ukitaka kujua kwa nini kosa katika hekaya ya kwanza ni kuoga maziwa, litazame eneo lenyewe. Hapa mvua hukosekana, na wanawake hutembea mbali na madumu kutafuta maji. Mahali kama hapo, mtu anayemwaga maziwa mwilini mwake ametenda jambo zito kuliko mwizi.

Hekaya ya pili hunigusa zaidi, kwa sababu watu wa upande huu wa mto walikuja kuamriwa kuhama kweli, na aliyeamuru hakuwa Mungu.

Watu hao ni Wagiriama, nao walikuwa na kaya yao kuu, yaani kijiji cha jadi ndani ya msitu, Kaya Fungo, kusini ya Sabaki. Katika karne ya 19 walianza kutawanyika kutoka kaya kwenda kutafuta mashamba, na miaka ya 1890 wengi walivuka mto kuingia kaskazini. Nchi waliyoikuta ilikuwa na historia chungu. Malindi ilikuwa imefufuka kwa mashamba makubwa ya nafaka yaliyolimwa na watumwa, na watoro waliofanikiwa kukimbia walijificha bara, mbali na mkono wa mabwana. Kilimo hicho cha watumwa kilipodhoofika, Wagiriama wakawa ndio wakulima wa eneo. Bonde la Sabaki liliwapa mahindi ya kula na ya kuuza, wafanyabiashara wa pwani wakanunua, na mtu mwenye ghala lililojaa hakuwa na haja ya kumfanyia kazi mwingine.

Serikali ya Waingereza iliona tatizo hapo. Wazungu waliofungua mashamba pwani walitaka vibarua, na Mgiriama mwenye chakula chake hakutaka kwenda. Mwaka 1908 sheria ya hati za ardhi ilianza kutumika pwani, na wasiokuwa na hati, waliokuwa wengi, wakageuka kuwa maskwota katika nchi waliyoilima. Mwaka 1912 afisa Arthur Champion alitumwa kwa Wagiriama kukusanya kodi ya nyumba na kutafuta wafanyakazi. Mwaka uliofuata akakutana na Mekatilili wa Menza.

Habari za Mekatilili zinajulikana Kenya nzima, kwa hiyo nitasema machache. Alikuwa mjane, mtu mzima tayari, aliyezunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwakusanya watu. Pamoja na Wanje wa Mwadorikola aliwarudisha Wagiriama Kaya Fungo kula viapo, wanawake kile cha mukushekushe na wanaume kile cha fisi, kwamba hawatatoa vijana wao. Oktoba 1913 wote wawili walikamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi kwa miguu. Agosti mwaka huo, Vita vya Kwanza vya Dunia vikianza, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama wakainuka, vijiji vikachomwa moto, mbuzi wakatekwa, watu wakauawa.

Masharti ya amani ndiyo yanayotuhusu Marafa. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa vibarua 1,000, na wote waliokaa kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuvuka kurudi kusini. Waliokawia walichomewa nyumba. Mashamba mazuri kuliko yote waliyokuwa nayo yakaachwa yakaota magugu, na huko walikosukumwa ardhi ilikuwa ya kiangazi, njaa ikafuata. Serikali ilidhani kwa njia hii itapata vibarua. Ilichopata ni watu wenye njaa na pwani isiyokuwa na nafaka ya kununua. Haikupita miaka mingi ikabidi iwaache warudi. Walirudi bila hati.

Kwa hiyo kijiji unachokiona ukingoni mwa Nyari, na mwongozaji anayekutangulia kushuka, ni wa watu waliorejea. Nakereka kila nionapo Marafa imeandikwa kama shimo la kupigia picha lililokosa wenyewe, eti mandhari ya sayari ya Mars. Kaburi la Mekatilili lipo Bungale, katika eneo hili hili la Magarini, na maadhimisho yake hufanyika mwezi Agosti. Ni vigumu kumkuta mtalii aliyefika Nyari na Bungale katika safari moja.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kulimaliza suala la ardhi kwa mradi wa makazi wa Magarini, ulioanza miaka ya 1970 kwa fedha za Australia. Vichaka vilifyekwa kwa matingatinga, viwanja vikapimwa, wakulima wakafundishwa kilimo cha nchi kavu kilichofanana na cha huko Australia. Visima vilitoa maji ya chumvi. Udongo uliobaki uchi uliondoka na mvua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi ulifungwa, na mwaka 1991 watafiti kutoka Australia walichapisha kitabu kizima kuchambua kushindwa kwake. Mtu aliyesimama chini Nyari akatazama mvua inavyoufanya mchanga wa Magarini usiokuwa na mizizi ya kuushika angeweza kuwaonya mapema.

Umaarufu wa Marafa kwa wageni ulikuja kwa mlango wa Malindi. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi Ngomeni, kwenye majukwaa baharini, na setilaiti ya kwanza ikaruka kutoka huko Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ile iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Nyuma ya wahandisi zikaja Malindi familia, hoteli na majumba ya likizo. Mgeni aliyechoka na ufuo alitafutiwa matembezi ya nusu siku, na Marafa ikawa mojawapo, na vijana wakajifunza Kiitaliano njiani.

Je, Nyari ifanywe hifadhi ya taifa? Nimeisikia hoja hiyo na siiungi mkono. Sheria ya hifadhi hutenga ardhi na watu, na watu hawa wameshatengwa na ardhi yao mara moja. Afadhali kutazama Isimila, karibu na Iringa, Tanzania. Huko pia mvua imechonga nguzo za mchanga ndani ya korongo, na mwaka 1951 eneo likaanza kujulikana kwa zana za mawe za watu wa kale. Panasimamiwa kama mahali pa historia, pana jumba dogo la maonyesho, na mgeni husoma kabla ya kutembea. Marafa inastahili jumba kama hilo, lenye tabaka za udongo zilizopangwa kwenye kioo, hekaya zote mbili zilizorekodiwa kwa Kigiriama na wazee wenyewe, na ramani ya mwaka 1914 inayoonyesha mto na watu waliosukumwa kuuvuka. Hata Arabuko-Sokoke ilijifunza kwamba msitu hulindika jirani anapofaidika. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umewawezesha wanaoishi kandokando ya msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo.

Lipo jambo jingine ambalo jumba halitalimaliza. Korongo linakua. Ukingoni kuna miti iliyobaki na mizizi inayoning'inia hewani, na kila masika ukingo unasogea kuelekea mashambani. Kinachomvutia mgeni ndicho kinachomlia mkulima shamba lake. Nyari haiwezi kusimamishwa na haifai kusimamishwa, lakini inaweza kupunguzwa mwendo pale inapoelekea kwenye makazi: nyasi na miti iachwe ukingoni, mbuzi wasilishwe hapo, mifereji ya maji ya barabara isielekezwe korongoni, na mkaa usichomwe kwa vichaka vya karibu. Kazi hizo zina gharama, na kiingilio cha wageni ndiyo fedha ya kwanza inayopaswa kuzilipia, kabla ya ujenzi wowote wa lango jipya.

Kwa anayepanga safari, gari liondoke Malindi asubuhi. Aanzie Bungale kaburini, ale chakula cha mchana kijijini Marafa, apumzike joto lipite, kisha saa kumi ashuke Nyari na mwongozaji wa hapo hapo. Amuulize habari za maziwa na damu, na amuulize pia babu yake alivuka mto mwaka gani.