Kambare Mmoja, Majina Mengi

Wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa, somo letu la leo ni historia ya samaki mnayemjua sana, yaani kambare.

Mchukue kambare mweusi wa matopeni, umtie katika karai jeupe penye mwanga. Baada ya muda utaona rangi yake imefifia. Je, amebadilishwa? Sivyo, ni yule yule. Ngozini mwake mna vijichembe vyenye rangi nyeusi. Rangi hiyo ikijikusanya katikati ya kijichembe, samaki hupauka. Ikitawanyika, huwa mweusi. Basi usimwite mvuvi mwizi kwa sababu ya rangi tu.

Wataalamu nao walipata taabu kumtambua. Mwaka 1822 Mwingereza William Burchell alimpa kambare wa mto Gariep, Afrika ya Kusini, jina la gariepinus. Mwaka 1840 kambare wa mto Nile akaitwa lazera. Mwaka 1852 Mjerumani Wilhelm Peters akamwita wa Msumbiji mossambicus, na jina hilo likatumika miaka mingi katika Afrika ya Mashariki. Kila mmoja alidhani amepata samaki mpya. Mwaka 1986 Mbelgiji Guy Teugels alieleza, baada ya kuwapima na kuwalinganisha, kwamba wote hao ni samaki mmoja. Jina la gariepinus likabaki, maana kanuni ni kufuata jina lililotangazwa kwanza.

Lakini msidhani kwamba samaki wote wenye ndevu ni wamoja. Kambare ana ndevu 8, na pezi refu la mgongoni lisilo na mwiba. Gogogo ana ndevu 6, na mwiba mkali mgongoni. Mwaka 1959 mtaalamu Matthes alitangaza gogogo mpya, Synodontis ruandae. Huyo huishi katika mto Kagera, ulio mpaka wenu na Rwanda, na katika maziwa yake; hapatikani penginepo duniani. Akiisha hapa, ameisha kabisa. Kwa hiyo mvuvi anayejua kuhesabu ndevu na kutazama miiba analinda mali isiyo na pengine.

Maswali:
1. Kwa nini kambare hupauka katika karai jeupe?
2. Jina gani la kambare lilibaki, na kwa sababu gani?
3. Utamtofautishaje kambare na gogogo?