Jina Jema la Lancashire

Filipo alipomwendea Nathanaeli kumpasha habari za Yesu, swali la kwanza la Nathanaeli halikuhusu mafundisho wala miujiza. Lilihusu mahali: je, Nazareti yaweza kutoa kitu chema? Tangu zamani mtu hupimwa kwa jina la kwao, naye mwenyewe hulitetea jina hilo kama anavyomtetea mama yake. Safari hii tumependa kulitafakari jambo hili kwa kuisoma historia ya Lancashire, kaunti, yaani mkoa wa kale, ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Tumeichagua kwa sababu mbili. Waamini wenzetu waliteswa huko kwa ajili ya Misa. Na mtoto mmoja wa kaunti hiyo aliacha alama nzito katika nchi yetu ya Kongo.

Wenyeji wa Lancashire hawafichi mapenzi yao kwa kwao. Alama yao ni waridi jekundu, na jirani zao wa Yorkshire, ambao ni washindani wao tangu kale, hujitambulisha kwa waridi jeupe. Katika karamu zao huinua glasi kwa heshima ya Mfalme wakimwita Duke wa Lancaster, maana cheo hicho ni chake pia. Mwaka 1974 serikali ilichora mipaka mipya ya utawala, na miji ya Manchester, Liverpool na Bolton ikatolewa katika kaunti. Hata hivyo wapo mpaka leo watu wa Bolton ambao ukiwauliza kwao ni wapi, watajibu: Lancashire.

Lakini katika karne ya 16 na ya 17, jina la Lancashire halikuwa jema mbele ya wakubwa wa London. Walisema ni nchi ya mbali na yenye watu wagumu, na ugumu huo ulikuwa wa dini. Sheria ya mwaka 1559, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilimtoza faini ya pensi 12 kila asiyehudhuria ibada ya Kanisa la serikali siku ya Dominika. Mwaka 1581 faini ikapandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi, mzigo ambao hata mwenye mali uliweza kumfilisi. Hata hivyo Lancashire ilibaki na Wakatoliki wengi kuliko sehemu nyingi za Uingereza. Misa ilisomwa kwa siri katika nyumba za watu, na vijana walivuka bahari kwenda Douai, kwenye seminari iliyoanzishwa mwaka 1568 na William Allen, mzaliwa wa Lancashire, kisha wakarudi kwa siri wakiwa mapadri.

Mmoja wao alikuwa Edmund Arrowsmith, aliyezaliwa Haydock mwaka 1585. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto, wazazi wake walikamatwa usiku na kupelekwa gerezani Lancaster. Yeye na wadogo zake wakaachwa barazani katika baridi, wakiwa na nguo za kulalia tu, mpaka majirani wakaja kuwachukua. Alipata upadri mwaka 1612, akajiunga na Wajesuiti, akawahudumia watu wa kwao kwa miaka mingi, na tarehe 28 Agosti 1628 akauawa huko Lancaster kwa kosa la kuwa padri. Baba Mtakatifu Paulo VI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1970, pamoja na wafiadini wenzake wa Uingereza na Wales. Tunapowasifu wafiadini, tusiwasahau majirani wale wasiotajwa majina, waliofungua mlango usiku kwa watoto wa mfungwa. Kwa watu wa namna hiyo jina baya likageuka kuwa fahari. Karne ya 19, sheria zilipokuwa zimelegezwa, wafanyakazi wa Preston walijengewa kanisa la Mtakatifu Walburga. Mnara wake wa mita 94 unapita minara ya makanisa yote ya parokia nchini humo.

Wakati huo Lancashire ilikuwa imekwisha kupata sifa nyingine duniani kote: sifa ya pamba. Viwanda vyake vilisokota nyuzi na kufuma nguo zilizouzwa katika kila bara. Pamba yenyewe ilitoka zaidi katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikivunwa na mikono ya watumwa Waafrika. Vita vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, manowari za kaskazini zilifunga bandari za kusini, na viwanda vikakosa pamba. Kufikia mwisho wa mwaka 1862, watu karibu nusu milioni wa Lancashire na wilaya za jirani walikuwa wakiishi kwa msaada. Familia ziliuza vyombo vya nyumbani, hata matandiko ya kitanda.

Wapo waliotaka serikali ya Uingereza iwaunge mkono wenye watumwa ili pamba irudi. Lakini tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikusanyika katika Free Trade Hall na kumwandikia Rais Abraham Lincoln, wakimtia moyo aukomeshe utumwa kabisa. Tarehe 19 Januari 1863 Lincoln aliwajibu, akikiri mateso yao na kuusifu msimamo wao kuwa ushujaa wa Kikristo usio na kifani. Sanamu yake imesimama Manchester mpaka leo. Walioandika barua hiyo walikuwa watu wenye njaa, na walichokipigania hakikuwa chao. Waafrika waliowatetea hawakuwaona kamwe.

Ukweli watudai tuseme na upande wa pili. Si wafanyakazi wote wa Lancashire walikuwa na msimamo huo. Miji iligawanyika, na Liverpool ilikuwa na marafiki wengi wa majimbo ya watumwa. Bandari hiyo yenyewe, kabla ya sheria ya mwaka 1807, ilikuwa imetajirika sana kwa meli za kusafirisha watumwa. Waridi lile lile jekundu lilikuwa la wote.

Ndipo tunapofika kwa William Lever. Alizaliwa Bolton mwaka 1851, mwana wa mfanyabiashara wa vyakula, akawa tajiri mkubwa kwa kutengeneza sabuni. Aliupenda mji wake kwa dhati: aliupa mali ya kujengea shule, akautolea nyumba ya kale iwe makumbusho, akauachia bustani kubwa ya kupumzikia, na akawa meya wake. Alipopewa cheo cha ukabaila, alilitia jina la Bolton ndani ya cheo hicho. Mtu akitafuta mfano wa mwana anayeipenda kwao, asingepata kirahisi aliyemzidi.

Lakini sabuni ilihitaji mawese. Mkataba wa mwaka 1911 na serikali ya Ubelgiji uliiruhusu kampuni yake, Huileries du Congo Belge, kujichagulia hadi hekta 750.000 ndani ya duara tano za nchi yetu, na Lusanga, kule Kwilu, ikabandikwa jina la Leverville. Mkataba uliitaka kampuni ijenge shule na hospitali. Hata hivyo wanaume walisukumwa na maofisa wa koloni, kwa kodi na kwa hofu ya gereza, wapande michikichi na kukata mikungu kwa ujira mdogo. Mwanahistoria Mbelgiji Jules Marchal ameyaonyesha hayo kwa kutumia hati za koloni lenyewe. Mwaka 1931, miaka sita baada ya kifo cha Lever, bei ya mikungu ilishuka na kodi ikazidi kulemea. Wapende wakaasi, na jeshi la koloni likaua mamia yao.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu watu wa Bolton wa leo wanaotembea na watoto wao chini ya miti ile. Tunayaandika kwa sababu mtu yule yule aliipenda kwao na kututwika mzigo sisi, na huenda hakuona mgongano wowote. Upendo wake wa kwao ulikuwa wa kweli, ila uliishia mpakani. Wafanyakazi wa mwaka 1862, maskini kuliko yeye, waliuvusha wao mpaka upande wa pili wa bahari.

Sisi nasi tuna vijiji, majimbo na lugha tunazojivunia, na si dhambi kujivunia. Bwana wetu hakuona haya kuitwa Mnazareti. Lakini katika mikutano yetu ya jumuiya, kila tunapotamka kwa fahari kwamba sisi ni watu wa mahali fulani, tujiulize ni nani asiye wa kwetu anayelipa gharama ya fahari hiyo, na ni nani atakayetufungulia mlango usiku, au tutakayemfungulia sisi.

Mtakatifu Edmund Arrowsmith, utuombee.