Meli ya Ziwa Letu Katika Sinema ya Bogart

Ukiwa pale Kamanga unasubiri pantoni ya kuvukia Sengerema, Jiwe la Bismarck haliko mbali nawe. Jina hilo ni la Kijerumani, nalo limebaki, ingawa Wajerumani wenyewe waliondolewa Mwanza na Waingereza mwezi Julai 1916. Juma hili nataka tuzungumze jinsi vita ile ilivyoingia Hollywood, na jinsi chombo kimoja cha ziwa hili kilivyovalishwa bendera ya Kaizari.

Sinema yenyewe ni The African Queen, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1951. Mwongozaji alikuwa John Huston, stelingi Humphrey Bogart, na mwenzake Katharine Hepburn. Hadithi ilitolewa katika kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Ni Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani hapa hapa kwetu. Askari wa Mjerumani wanachoma kijiji, mchungaji Mwingereza anafariki, na dada yake anateremka mto pamoja na fundi mmoja mpenda pombe katika mashua mbovu. Nia yao ni kuizamisha Louisa, manowari inayolitawala ziwa. Mwisho inazama kweli, na waliolipa kiingilio wanarudi nyumbani wameridhika.

Hiyo Louisa tunayoiona ilikuwa tagi, boti ya kuvuta matishari, jina lake Buganda, mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na kazi yake ilikuwa Ziwa Victoria. Chombo cha kukokota mizigo kikageuzwa manowari kwa rangi na mzinga. Nakiri kwamba kila nikiitazama picha ile jicho langu huiacha sura ya Bogart na kutafuta ile tagi.

Manowari ya kweli iliyompa Forester wazo lake ilikuwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam ndani ya maelfu ya masanduku, ikapandishwa reli hadi Kigoma na kuundwa upya. Hakuna mashua iliyoizamisha. Mwezi Julai 1916, Kigoma ikielekea kuanguka, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, baada ya kupaka mitambo grisi nzito ili siku moja waje waiopoe. Waliokuja kuiopoa ni Waingereza, mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Waingereza nao walikuwa wameleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika kwa kupitia nchi kavu. Njia ya kuzipitishia milimani Katanga ilikatwa na vibarua wa Kiafrika. Katika sinema vibarua hao hawamo. Vita ambayo kwetu imeacha jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi, huko imekuwa habari ya wapenzi wawili mtoni.

Huston hakuja kupigia picha yake Tanganyika. Alikwenda Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, mji uitwao leo Ubundu, kisha akahamia Uganda, Butiaba na Maporomoko ya Murchison. Mengi yamesimuliwa juu ya safari hiyo. Hepburn aliugua tumbo vibaya kwa sababu ya maji, wakati Bogart na Huston walibaki wazima, na wenyewe wakaishukuru wiski.

Kisa kimoja Wazungu wamekicheka miaka mingi. Huston alisimulia kwamba wanakijiji walioandikwa kuigiza hawakutokea kazini, kwa sababu ulizagaa uvumi kuwa hawa wageni ni wala watu. Huko kwao wanacheka. Sisi tuliokua tukitishwa na habari za mumiani tunaujua uvumi huo, na tunajua hauzuki bure. Mtu mwenye miaka hamsini pale Ruiki mwaka 1951 alizaliwa chini ya Mfalme Leopold, ambaye Kongo ilikuwa mali yake binafsi hadi 1908, na askari wake wakikata watu mikono kwa ajili ya mpira. Leo anakuja Mzungu mwingine, anaita kijiji kizima, hasemi vizuri anataka nini. Wewe ungekwenda?

Kingine ni cha mlinzi. Inasimuliwa kwamba mlinzi aliachiwa mashua usiku, akaambiwa aiangalie, naye akaiangalia hadi ikazama. Sijui mkalimani alisema nini. Kwa Kiswahili, ukimwambia mtu “angalia mashua” hujamwambia azibe tundu. Ikabidi iopolewe, na kazi ya kamba na matope haikufanywa na stelingi.

Na lile kanisa la mwanzo wa sinema! Waumini wanaimba kwa taabu, mchungaji anawaongoza kwa jasho. Mchungaji huyo ni Robert Morley, na hakukanyaga Afrika. Sehemu zake zilipigwa Uingereza, halafu zikaunganishwa na za Kongo. Wale waumini waliimba mbele ya mchungaji ambaye hawakumwona maishani mwao.

Mwaka 1952 Bogart alipata Oscar kwa picha hiyo, Oscar yake ya pekee. Mashua nayo, ambayo jina lake la kazi lilikuwa Livingstone, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912 na kutumika Ziwa Albert, ilivushwa bahari. Iko Key Largo, Florida, ilikarabatiwa mwaka 2012, na watalii hukata tiketi wakatembezwa nayo. Walioiopoa kutoka Ruiki hawamo katika orodha ya majina inayopita mwanzo wa sinema. Orodha hiyo nimeisoma mara nyingi, maana huwa nairudisha nyuma makusudi, na kila mara naanza kwa kutafuta jina la Buganda.